Bando Rahisi Huanzia kwenye Karatasi

Mtu anayesafiri na nyumba yake, lile gari lenye kitanda, jiko na tangi la maji, akivuka kutoka Burundi na kuingia Kigoma kwa mpaka wa Manyovu, hukutana na swali moja kabla hajauliza hata dizeli inauzwa wapi: intaneti ataipataje, na kwa bei gani? Ramani yake iko kwenye simu. Nafasi ya kuegesha na kulala Kigoma mjini inaulizwa kwa WhatsApp. Ndugu zake huko Ulaya wanataka kujua kama amefika salama. Mbele yake, akishapita Kasulu kuelekea Kibondo, upande wa Makere, iko kambi ya Nyarugusu, na humo yumo mama wa Kikongo mwenye swali hilohilo, kwa sababu mwanawe alishahamishiwa Marekani na sauti yake humfikia kwa intaneti tu.

Wote wawili wako nje ya nchi zao, na wote wanahitaji laini ya Tanzania ili walipe bei ya Tanzania. Kila tunapozungumzia intaneti ghali, mawazo yetu hukimbilia minara na nyaya. Kwenye nyanda hizi za juu za Kigoma, minara ni nusu ya habari. Nusu ya pili, na kwangu mimi ndiyo inayouma zaidi, ni karatasi unayoitoa mfukoni ukifika kwa wakala wa laini.

Tuanze na bei yenyewe. Mwaka 2021, baada ya kelele nyingi za wananchi kuhusu vifurushi, serikali na Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, zilitoa bei elekezi ya data: kati ya shilingi 2.03 na shilingi 9.35 kwa MB moja. Zidisha hadi ufike GB moja, unapata kati ya shilingi 2,080 hivi na shilingi 9,570 hivi. Mwenye laini ya hapa anaishi ndani ya mipaka hiyo, awe mwalimu wa Kasulu au Mjerumani aliyeegesha gari lake kando ya Ziwa Tanganyika. Anayetumia laini ya kwao yuko nje ya mipaka hiyo, na huko nje hana wa kumtetea.

Ukiwasha data ukiwa ugenini na laini ya nyumbani, kwa rominga, kila MB unayotumia inauzwa mara mbili. Kwanza kampuni ya hapa inaiuzia kampuni ya kwenu kwa bei ya jumla waliyoandikiana kwenye mkataba, kisha kampuni ya kwenu inakuuzia wewe kwa bei inayoipenda. Mnara ni uleule, masafa ni yaleyale, fundi aliyepanda juu kuufunga ni yuleyule. Kinachopanda ni mkataba. Ndiyo maana ushauri wa kwanza kwa msafiri yeyote anayekaribia Manyovu, Kabanga au Rusumo ni kuzima rominga ya data kwenye simu kabla hajafika mpakani. Anayeishi Mnanila analijua jambo hili bila kufundishwa: milima ya mpakani haijui nchi, na simu ikishapoteza mnara wa Tanzania hung'ang'ania wa Burundi. Ukiwa na salio na rominga iko wazi, salio linakwenda umekaa kibarazani kwako, Tanzania. Ingia kwenye mipangilio ya simu, uache kuchagua mtandao kwa otomatiki, uchague wa kwako kwa mkono.

Ulaya waliona kwamba tatizo ni mkataba, wakaubana mkataba. Kuanzia tarehe 15 Juni 2017, raia wa Umoja wa Ulaya akivuka mpaka ndani ya Umoja hutumia bando lake la nyumbani bila nyongeza, isipokuwa amezidisha matumizi kupita kiasi. Wengi husifu sehemu hiyo inayoonekana. Sehemu iliyofanya kazi ni ile isiyoonekana: bei ya jumla ambayo kampuni moja inaidai nyingine. Ilianza na kikomo cha yuro 7.7 kwa GB mwaka 2017 ikawa inateremshwa hatua kwa hatua, ikafika yuro 1.3 mwaka 2025, na imepangwa kuwa yuro 1 mwaka 2027. Ndiyo sababu wastaafu wa Ujerumani wanaendesha nyumba zao za magurudumu hadi Ureno bila kubadili laini hata mara moja. Waingereza walipotoka kwenye Umoja walipoteza kinga hiyo, na baadhi ya kampuni zao zilirudisha tozo za rominga mwaka 2022.

Tena wazo hili halikuzaliwa Ulaya. Septemba 2006 Celtel, kampuni iliyoanzishwa na Msudani Mo Ibrahim, iliunganisha Kenya, Uganda na Tanzania kuwa kama nchi moja kwa wateja wake. Ulivuka na laini yako, ukapiga kwa bei ya mwenyeji, ukapokea bure, na ukaweza kuongeza vocha ya nchi uliyokuwapo. Ulaya ilihitaji zaidi ya miaka 10 kufika hapo. Nasikitika kila ninapokumbuka, maana tulitangulia kisha tukazubaa. Serikali zilipokuja kulichukua wazo hilo mwaka 2014, chini ya mpango wa mtandao mmoja wa Afrika Mashariki, walioanza ni Kenya, Rwanda, Uganda na Sudan Kusini, kwa kikomo cha senti 10 za Marekani kwa dakika ya kupiga na kupokea bila malipo. Tanzania na Burundi hazikuwamo mwanzoni. Na mpango wenyewe ulijengwa juu ya kupiga simu, wakati watu walikuwa tayari wanahamia kwenye data.

Sasa tazama ramani ya Kigoma. Inapakana na Burundi kwa nchi kavu na Kongo kwa ziwa. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, Somalia ikafuata mwaka 2024, tukawa wanachama 8. Waha wa Kasulu na Warundi wa ng'ambo wanaelewana kwa lugha bila mkalimani. Mfanyabiashara wa mihogo anavuka asubuhi na kurudi jioni. Lakini bando lake linakufa mpakani. Halotel ya Tanzania na Lumitel ya Burundi zote ni mali ya Viettel ya Vietnam, na zote zilianza biashara mwaka huohuo wa 2015, lakini mteja wa moja akivuka ni mgeni kwa nyingine. Mawaziri wa mawasiliano wa Jumuiya wakikaa tena, ningewaomba waache kuhesabu dakika za simu. Wakubaliane bei ya jumla ya GB moja, waiandike, waipangie miaka ya kushuka, kwa nchi zote 8. Hiyo peke yake ingebadili maisha ya dereva wa lori, mtalii, mchuuzi na mkimbizi kwa siku moja.

Kabla siku hiyo haijafika, njia nafuu ni moja: kununua laini ya nchi uliyopo. Hapo ndipo karatasi inapoingia.

Kuanzia Mei 2019 Tanzania ilianza kusajili laini kwa alama za vidole, na baada ya tarehe 20 Januari 2020 laini zisizosajiliwa hivyo zikaanza kufungwa. Mtanzania husajili kwa namba ya kitambulisho cha taifa cha NIDA, mgeni kwa pasipoti yake, mkimbizi kwa utambulisho wake wa ukimbizi. Kwa mwenye gari la kulala, kazi hii ni ya muda mfupi. Anakwenda duka la kampuni Kasulu au Kigoma mjini, si kwa kijana wa mwavuli ambaye huenda hana ruhusa ya kusajili pasipoti. Anaweka kidole, anapata laini, anaitia kwenye ruta ndogo ya kuchaji, na gari zima lina intaneti. Akiuziwa laini iliyokwisha kusajiliwa kwa jina la mtu mwingine, aikatae, hata kama muuzaji anaonekana mwema kiasi gani. Ni kosa kisheria, na siku mwenye jina akiifunga, msafiri atakuwa porini bila ramani. Wenye simu mpya wanaweza kununua laini isiyo na kadi wakiwa bado kwao. Inasaidia saa za kwanza baada ya kuvuka, ila GB yake kwa kawaida huwa ghali kuliko ya hapa, na mara nyingi haina namba ya kupokelea ujumbe wa malipo.

Watalii wengine hufika na sahani ya Starlink, intaneti ya setilaiti, juu ya paa. Rwanda inatumika tangu Februari 2023, Kenya tangu Julai mwaka huo. Tanzania, hadi mwaka 2025, ilikuwa haijaipa kampuni hiyo leseni, na vifaa vya mawasiliano vinavyotumika nchini hutakiwa viwe vimeidhinishwa na TCRA. Anayeingia kutoka Rwanda kwa Rusumo aifunge sahani yake sandukuni, anunue laini.

Yote haya ni rahisi kwa mwenye pasipoti. Nyarugusu hali ni nyingine.

Kambi ilifunguliwa Novemba 1996 kwa Wakongo waliokimbia vita vya Kivu Kusini. Mwaka 2015, baada ya vurugu za kisiasa Burundi, Warundi waliingia kwa makumi ya maelfu, na Nyarugusu ikawa miongoni mwa kambi kubwa kabisa duniani. Nduta, wilayani Kibondo, ilifunguliwa tena Oktoba mwaka huo ili kupunguza mzigo. Kwa kanuni za Tanzania, mkimbizi haruhusiwi kwenda zaidi ya kilomita 4 kutoka kambini bila kibali. Mtalii akikosa mtandao mahali pamoja huwasha gari akasogea. Mkimbizi hutembea hadi kwenye kichuguu au mlima ule ambao kila mtu anaujua kuwa ndipo simu inaposhika, na hapo ndipo mwisho wake.

Mtandao wenyewe ulikuwa wa 2G kwa muda mrefu, unaotosha kupiga na kutuma ujumbe mfupi. Kuelekea mwisho wa mwaka 2016, baada ya mazungumzo kati ya shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, UNHCR, na Vodacom, 3G ilifika Nyarugusu. Somo lililopatikana pale lingepaswa kusomwa na kila meneja wa kampuni ya simu: watu walikuwapo, hamu ilikuwapo, na mapato ya mnara yakapanda. Mwaka 2017 GSMA, umoja wa kampuni za simu duniani, ulifanya utafiti humohumo kambini kuhusu matumizi ya simu. Wakfu wa Vodafone na UNHCR wakaweka madarasa yenye kompyuta kibao na intaneti katika baadhi ya shule za kambi. Sitaki kuyadharau haya. Ila darasa hufungwa jioni, na mama yetu anaongea na mwanawe usiku, kwa sababu ya tofauti ya saa na Marekani.

Mwaka 2016 UNHCR ilichapisha uchunguzi wake wa dunia nzima kuhusu wakimbizi na mawasiliano. Ilionekana kwamba kaya za wakimbizi mara nyingi hutumia hadi theluthi ya fedha walizonazo mkononi kwa ajili ya kuwasiliana, na kwamba mkimbizi ana nafasi pungufu kwa nusu ya kumiliki simu yenye intaneti akilinganishwa na watu wengine. Theluthi! Mtu anayepimiwa unga na maharage, asiyeruhusiwa kulima shamba kubwa wala kwenda mnadani Kasulu bila kibali, anatoa theluthi ya senti zake ili asikie sauti. Tena Nyarugusu iliwahi kuonja kitu bora zaidi. Kuanzia Desemba 2016 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lilijaribu kuwapa baadhi ya wakimbizi fedha badala ya chakula. Mpango ulisimamishwa na serikali mwaka 2017. Simu ilikuwa karibu kuwa pochi. Ikarudi kuwa gharama.

Sasa fika naye kwa wakala. Mashine ya alama za vidole ni kijisanduku kidogo chenye kioo chekundu cha mwanga, kimeunganishwa na simu kwa waya. Mama anaweka kidole gumba. Mashine inakataa. Anafuta kwa kanga, anaweka tena, inakataa. Jembe, kuni na majivu ya miaka vimeilainisha ngozi hadi mistari imefutika. Wakala mwenye roho njema atajaribu vidole vyote 10, atamwambia anawe, apake mafuta kidogo, aje kesho. Wakala mwenye haraka atasema haiwezekani. Na hapo kidole bado si tatizo kubwa kuliko yote. Yuko kijana aliyefikisha miaka 18 na hajapata kitambulisho chake mwenyewe. Yuko aliyevuka juzi ambaye hadhi yake haijaamuliwa. Yuko ambaye karatasi yake ina jina lililoandikwa tofauti na lilivyo kwenye mfumo, herufi moja tu.

Wote hao hufanya kilekile: wanaomba jirani au mtu wa kijiji cha karibu awasajilie kwa jina lake. Kuanzia siku hiyo bei ya bando ni ileile iliyo kwenye menyu, lakini laini si yao. Fedha ikitumwa kutoka Marekani kwa simu, kisheria imeingia kwa mwenye jina. Akitaka anaweza kuirudisha laini dukani akafanyiwa badiliko la kadi, na mama akabaki na kadi iliyokufa. Naye mwenye jina hajui laini iliyo chini ya namba yake ya NIDA inafanya nini, na polisi wakiuliza wataanza na yeye. Ndugu msomaji wa Makere au Kasulu, piga *106# leo, uone ni namba ngapi zimeandikwa kwa jina lako. Usiyoitambua, nenda ikafungwe.

Dawa yake haina gharama kubwa. Idara ya Huduma kwa Wakimbizi na UNHCR tayari wanazo alama za vidole za wakimbizi waliowaandikisha. Kampuni za simu zinahitaji njia ya kuuliza mfumo huo swali moja tu, ndiyo au hapana, kama zinavyoiuliza NIDA. Mtu aliyeandikishwa na dola, anayehesabiwa na dola na kulishwa kwa hesabu hiyo, haiwezekani awe hajulikani mbele ya wakala wa laini.

Kuhusu minara nisiseme mengi. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, hulipa kampuni sehemu ya gharama za kujenga mahali ambapo biashara haivutii, na Mei 2023 ilisainiwa mikataba ya minara 758 katika kata 713 za mikoa 26. Kwa vilima vya Kasulu na Kibondo kinachofaa ni masafa ya chini, ya MHz 700 na 800, yanayofika mbali na kupenya miti. Mnara wa masafa ya juu huhudumia soko, ukiacha bonde la pili gizani.

Bando likishapatikana lilindwe, na hapa mtalii na mkimbizi wanashauriwa mambo yaleyale. Dakika moja ya sauti kwa WhatsApp hula chini ya MB moja, ya video hula mara kadhaa zaidi. Kwa hiyo mama aongee kwanza kwa sauti, video iwe ya dakika mbili za kuonana nyuso. Zima upakuaji wa otomatiki wa picha na video kwenye makundi, maana kundi moja la ukoo linaweza kumaliza GB kwa wiki bila wewe kufungua chochote. Zima masasisho ya programu hadi uwe penye Wi-Fi. Msafiri apakue ramani nzima ya Kigoma akiwa mjini, atembee nayo bila data. Na ukinunua bando la siku wakati unahitaji la wiki, unalipa zaidi kwa kila MB. Ndivyo masikini wanavyotozwa ghali kila mahali, kwa kununua kidogokidogo. Familia nne zinazochanga kununua bando kubwa na kugawana kwa hotspoti hazifanyi ubahili, zinafanya hesabu sahihi.

Wapo pia wanaosafiri kwenda upande wa pili. Tangu Septemba 2017 Warundi wamekuwa wakirudishwa kwao kwa misafara ya mabasi. Mtu ameishi na namba ya Tanzania kwa miaka, namba hiyo ndiyo inayojulikana na ndugu walio Marekani, Kanada na Australia, na salio lake la fedha limo. Akivuka, laini inakaa bila kutumika, baada ya miezi inafungwa, kisha namba inapewa mtu mwingine ambaye ataanza kupokea simu za huzuni asizozielewa. Anayeondoka atoe fedha zote kwa wakala kabla ya kupanda basi. Aandike namba muhimu kwenye daftari, kwa kalamu. Na siku atakayopata laini ya Burundi, aingie WhatsApp abadilishe namba hapohapo, akaunti yake ikiwa bado hai, ili makundi na ndugu wamfuate.

Ila laini hiyo ya Burundi nayo inataka kitambulisho, na aliyezaliwa Nyarugusu au aliyekimbia bila chochote hana. Anayo fomu ya kurejea kwa hiari aliyopewa kambini. Serikali mbili na UNHCR, ambazo tayari hukaa meza moja kupanga misafara hii, ziweke jambo hilo kwenye ajenda ya kikao kijacho: fomu hiyo ikubalike kusajili laini tangu siku ya kwanza, na mawakala wa Lumitel, Econet Leo na Onatel wakae pale mabasi yanaposhusha watu, kabla hawajatawanyika kwenda kwenye mikoa yao.